Nani Mwenye Shamba la Shule?

Miongoni mwa mambo yanayokaririwa na wasimamizi wa elimu kila mitaala inapobadilishwa, hapana linalotamkwa kwa wepesi na kutimizwa kwa uzito kama hili la kwamba mwanafunzi awe mwenye milki ya elimu yake, ajifunze kwa kutenda, na kazi aliyoikusudia mwenyewe iwe ndiyo mlango wa maarifa yake. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imelirudia jambo hilo kwa lugha ya umahiri na amali. Semina zimefanywa, vitabu vimechapwa, na neno mradi limepata makao katika azimio la kazi la mwalimu. Lakini mwalimu wa Tingi, katika wilaya ya Nyasa, ambaye wazazi wa wanafunzi wake walisoma katika shule zilizokuwa na shamba, banda la kuku na kipindi cha kujitegemea, ana haki ya kuuliza upya wa jambo hili uko wapi, na kama lilikwisha kujaribiwa, lilikwama kwa taksiri ya nani. Wala swali lake halihitaji kujibiwa kwa safari ya ng'ambo, kwani mojawapo ya majaribio mazito kabisa ya elimu ya namna hii yaliyopata kufanywa katika nchi yetu lilifanyika katika mkoa wake mwenyewe wa Ruvuma.

Mwishoni mwa 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika, vijana wachache wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini mahali paitwapo Litowa, katika wilaya ya Songea, wakaazimia kulima na kuishi pamoja. Chakula kiliwaishia, wakatawanyika. Mwaka uliofuata wakarudi kwa tadbiri iliyo bora zaidi, na safari hii wakakaa. Mwaka 1963 Litowa na vijiji vya Njoomlole na Liweta vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kabla ya muongo ule kwisha kilikuwa kimekusanya vijiji zaidi ya kumi na tano, kikiwa na mashine ya kusaga nafaka na kiwanda cha mbao, na kikiwa na mshauri, Mwingereza Ralph Ibbott, aliyekuja kukaa Litowa na familia yake baada ya kuishi katika shamba la misheni la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini. Bwana huyo alishauri asiamrishe, jambo ambalo kwa wageni wa zama zile, na hata kwa wenyeji wenye vyeo, halikuwa la kawaida. Amri ilikuwa ya mkutano wa kijiji: nini kilimwe, nani aende kujifunza ufundi, fedha iliyopatikana igawanywe vipi na kiasi gani kibakizwe kwa ajili ya mwaka ujao.

Katika hali hiyo ikazaliwa shule ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, shule ambayo ilikuwa ya vijiji vyenyewe na iliyowapokea kwa bweni watoto wa madarasa ya juu kutoka vijiji vya chama. Kusudi lake lilitangazwa wazi: haikuwatayarisha wachache waondoke, bali iliwatayarisha wote warudi. Watoto walilima sehemu kubwa ya chakula chao, masomo yao yakafungamanishwa na maisha na uchumi wa vijiji walikotoka, na mambo ya maisha yao ya shuleni yakawa mashauri yao wenyewe pamoja na walimu wao. Mwalimu Nyerere aliifahamu shule hii na kuipenda, na watu wengi waliochunguza historia ya elimu yetu huiona alama yake katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliotolewa Machi 1967.

Ili kufahamu ni nini hasa kilichokuwa Litowa na ambacho hakikuwa kwingineko, inafaa kupita kidogo Marekani, ambako mwaka 1918 William Heard Kilpatrick, mwanafunzi na mfuasi wa John Dewey, alitoa makala iliyoitia njia ya miradi katika kamusi ya walimu wa dunia. Kwa hoja yake, kazi ya mtoto yenye kustahili kuitwa mradi ina hatua nne, nazo ni kukusudia, kupanga, kutekeleza na kuhukumu; na alisisitiza kwamba mtoto awe na sehemu yake katika zote nne, kwa moyo wake wote, la sivyo kilichobaki ni kazi tu, hata ikiwa kazi nzuri. Dewey mwenyewe baadaye aliwaonya walioifanya hoja hii kuwa ruhusa ya mwalimu kukaa pembeni na kumwacha mtoto afuate matakwa yake yalivyomjia, naye alikuwa na haki, kwani hiari isiyo na maarifa nyuma yake huishia katika kubahatisha. Lakini hatua zile nne ni mizani nzuri, nami sijaona nyingine iliyo fupi zaidi ya kupimia shule zetu.

Tukizipima kwa mizani hiyo, tutaona kwamba mtoto wa shule yetu amepewa, kwa ukarimu mkubwa, hatua ya tatu peke yake. Hutekeleza. Hufyeka, huchota maji, hupalilia, hubeba matofali, huvuna. Nani aliyekusudia kwamba mwaka huu shamba liwe la mahindi na si la maharage, nani aliyepanga mbolea ipatikane wapi, nani aliyeketi baada ya mavuno akapima kama faida imeshinda gharama, hayo aghalabu yamekuwa mambo ya ofisini, na fedha imeingia katika kitabu ambacho mkulima wake mdogo hajapata kukifungua. Kisha watu wazima hustaajabu kuwa watoto wanalichukia jembe. Sioni ajabu yoyote. Mtu mzima aliyelimishwa shamba la mwingine bila ijara na bila shauri huliita jambo hilo kwa jina lake, na hapana sheria ya maumbile inayomfanya mtoto alione kwa jicho jingine.

Wala haisemekani kwamba waraka wa 1967 ndio uliofundisha hivyo. Msomaji akiusoma leo akiwa ameyaweka kando mazoea aliyoyaona shuleni kwake, atakuta kwamba mwandishi wake alitaka shamba la shule liwe sehemu ya maisha ya shule yenyewe, mahesabu yake yatunzwe sawasawa, wanafunzi washiriki katika kuamua kazi ifanywe vipi na ziada itumiwe kwa jambo gani, na makosa yao yawe sehemu ya kujifunza kwao. Na kwamba alihofia mapema shamba hilo lisije likawa taklifu iliyobandikwa juu ya masomo. Kilichotokea baadaye ni kile kile alichokihofia. Palikuwapo juhudi za kweli, mfano wa ile ya Kwamsisi katika wilaya ya Handeni iliyoanza 1971 kwa kushirikiana na Chuo cha Ualimu cha Korogwe, ambako shule na kijiji vilijaribu kuwa kitu kimoja, na kutokana nayo mpango wa MTUU, yaani Mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, ukaupeleka mtindo huo katika shule nyingine. Lakini baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi ilipojifunga kumwingiza kila mtoto darasani ifikapo Novemba 1977, shule ziliongezeka haraka kuliko walimu, na shule maskini yenye watoto wengi ilitazama shamba lake kama chanzo cha chaki na madawati. Siwalaumu walimu wakuu wa wakati ule. Nasema tu kwamba siku shamba lilipoitwa chanzo cha mapato ya shule, ndiyo siku lilipoacha kuwa la wanafunzi.

Hata hivyo hujja yangu haiishii shambani, kwani mwisho wa Litowa unafundisha jambo ambalo semina zetu za ualimu hazilitaji. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali yake ikachukuliwa, mashine zake pamoja nazo. Washauri wa kigeni wakaondoka. Na walimu wa shule ya Litowa wakatawanywa katika shule nyingine. Sababu zimejadiliwa sana, na wengi wamezitaja hofu za wakubwa wa mkoa na wa chama juu ya vijiji vilivyozoea kujiamulia; mimi hapa nashika jambo moja tu, nalo ni kwamba shule ile haikuanguka kwa upungufu wa mbinu za kufundishia. Mtaala haukushindwa. Watoto hawakukataa kusoma. Shule ya watoto wenye kuamua ilisimama muda ule ule ambao kijiji chenye kuamua kilisimama, na kijiji kilipopokonywa shauri lake, shule haikuweza kubaki nalo hata kwa muhula mmoja zaidi. Mwanafunzi hawezi kumiliki elimu yake katika shule ambayo mwalimu wake hamiliki ufundishaji wake, wala mwalimu hawezi katika jamii ambayo haina neno juu ya shule yake. Na huu ndio uzito niliousema mwanzo, ambao wasemaji wepesi wa njia ya miradi hawaupimi.

Wako wenzetu watakaojibu kwamba hatuna haja ya Litowa wala ya Kilpatrick, kwa kuwa wazee wetu walifundisha kwa miradi kabla ya shule kujengwa, na watu wa nyanda za wilaya jirani ya Mbinga wana ushahidi mzuri wa kuleta. Wamatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo jamaa za ukoo walikula pamoja, na baada ya kula yakaamuliwa magomvi, yakapangwa mambo ya kazi, na vijana wakasikiliza wakajifunza adabu na tadbiri. Taasisi hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliofanya kazi Mbinga pamoja na Wajapani tangu 1999, waliona wanakijiji wakilifufua jina lake kwa kamati za kusimamia kazi zao wenyewe, na katika kijiji cha Kindimba wakajenga mashine ya kusaga yenye kuendeshwa kwa maji. Kuna na ngolo, mashimo yale yaliyopangwa kama miraba juu ya miteremko mikali, ambayo wataalamu wa udongo wametoka mbali kuyatazama: wanaume hufyeka majani mvua za masika zinapokaribia mwisho wake, yakikauka huyalaza katika mistari inayokatana, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika, hata pakawa na matuta ya mbolea yenye kupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi, ilhali mashimo yakizuia maji ya mvua yasikimbie na udongo.

Hiyo ni elimu ya hali ya juu, nami nitakuwa wa mwisho kuidharau. Lakini insafu inataka tuseme na upande wake wa pili. Mtoto aliyefuatana na mama yake kuchimba ngolo alijifunza kwa kutenda, naam, ila hakujifunza kwa kuamua. Vipimo vya mraba, siku ya kufyeka, mbegu ya kupandwa, vyote vilikwisha kukatiwa shauri kabla hajazaliwa, na staha ilimtaka afuate. Katika sengu kijana alisikiliza kwa miaka mingi kabla ya neno lake kupimwa. Utaratibu huo ulifaa kwa ulimwengu ambao ujuzi wa babu ulitosha kumvusha mjukuu. Leo mjukuu analima kahawa iliyo katika hatari ya chulebuni na kutu ya majani, anachagua kati ya miche ya zamani na chotara, anauza kwa bei inayoamuliwa katika masoko asiyoyaona, na ndugu zake wa pwani ya Ziwa Nyasa, Wanyasa na Wampoto wanaoishi kwa muhogo na usipa, wanatazama ziwa lisilowapa tena kila walichozoea. Huyu akifundishwa kufuata tu, hata kufuata lililo jema, ameachwa bila silaha aliyoihitaji zaidi.

Natuchukue basi darasa la sita katika shule moja ya vilima vya Tingi, na mwalimu mmoja asiye na chombo chochote cha maabara. Anawauliza watoto wake jambo gani katika kijiji chao linawasumbua ambalo hakuna aliyewaeleza likaeleweka, naye anangoja, na kungoja huku ni sehemu ya ufundi wake iliyo ngumu kuliko zote. Mmoja atasema maji ya mto hugeuka mekundu mvua ikinyesha. Kutoka hapo, mwalimu akiwa na maarifa yake mkononi na ulimi wake ukiwa umefungwa nusu, watoto wanaweza kufika wenyewe penye swali linalopimika: je, udongo unaoshuka kutoka katika ngolo ni mchache kuliko ule unaoshuka kutoka katika matuta ya kawaida, na mchache kwa kiasi gani? Wataomba vipande viwili vya ardhi katika mteremko mmoja. Watachimba mfereji chini ya kila kipande na kuzika ndoo. Watapima matope kila baada ya mvua, watayaandika katika daftari, watachora, watawauliza bibi zao kwa nini mraba uwe na upana ule na si mwingine. Na wakikutana na jambo lililowashinda kuhusu mbolea au kahawa, wataandika barua kwa kituo cha utafiti wa kahawa cha Ugano, huko Mbinga. Humo mna jiografia, sayansi, hesabu, na insha ya Kiswahili iliyo na kitu cha kusema.

Mtihani wa mradi huu hautakuwa siku ya kwanza, watoto wanapofurahia jembe kwa kuwa limewatoa darasani. Utakuwa wiki ya tano, ambapo mbuzi wameingia katika kipande kimoja, ndoo moja imeibiwa, na vipimo vya mvua mbili havilingani na lolote. Mwalimu aliyezoea kazi za maonyesho, yule anayejua kuwa mthibiti ubora atakuja na atataka kuona andalio la somo na matokeo yake, atashawishika kuingia usiku katika daftari na kuyanyoosha. Akifanya hivyo, milki imerudi ofisini. Asipofanya, na akawaachia watoto waketi, wabishane, waamue kama waanze upya au waendelee na kipande kilichosalia na kukiri upungufu wake mbele ya wazazi, basi wamepewa hatua ya nne, hukumu, ambayo ndiyo adimu na ndiyo inayomfanya mtu aitwe msomi mahali popote duniani.

Najua nitaulizwa habari za madarasa yenye watoto wengi kupita kiasi, nami sitajibu kwa kuwa eti wingi si kitu. Ni kitu. Mwalimu mmoja hawezi kufuata miradi ishirini, wala si lazima. Mradi mmoja wenye makundi yanayogawana kazi na kuwajibika yenyewe kwa yenyewe unawezekana pale ambapo miradi ishirini ni ndoto, na darasa kubwa lililozoea kugawana kazi kwa kweli halimwelemei mwalimu kama lile lililozoea kunyamaza. Kikwazo kilicho kizito zaidi ni mtihani wa mwisho. Madhali mtoto atahukumiwa siku moja, kwa maswali ambayo aghalabu jibu lake ni kuchagua herufi, mzazi mwenye busara atataka mwanawe akariri, na mwalimu mwenye busara atamsikiliza mzazi, kwa kuwa jina la shule na lake yeye hutangazwa kwa matokeo hayo. Litowa iliweza kukwepa kikwazo hiki kwa kuwa vijiji vilikuwa vimekubaliana kwamba watoto watarudi kujenga nyumbani, na palikuwa na nyumbani pa kurudi. Mzazi wa Tingi leo hajakubaliana hivyo na mtu yeyote, wala hatumwombi akubali. Anataka mwanawe afike sekondari, na ni haki yake. Kwa hiyo mradi hauna budi kupata alama zake katika tathmini inayohesabiwa kweli, au utabaki pambo la Ijumaa mchana.

Lakini lipo jambo dogo ambalo halingoji Baraza la Mitihani wala wizara, nalo liko ndani ya uwezo wa kamati ya shule yoyote yenye nia. Shule nyingi bado zina shamba, au miche ya miti, au kuku. Kamati ichukue kipande kimoja cha mali hiyo, hata kikiwa kidogo, ikitoe kwa darasa moja kwa msimu mmoja pamoja na mkopo mdogo wa mbegu wenye kurejeshwa, na iandike katika muhtasari wa kikao kwamba shauri la kipande hicho ni la darasa: walime nini, wauze wapi, faida wanunulie mpira au vitabu au waiweke. Daftari la mapato na matumizi liandikwe na watoto na litunzwe darasani. Na siku ya kikao cha wazazi lisomwe na mtoto aliyechaguliwa na wenzake, kwa sauti, hasara pamoja na faida, mwalimu mkuu akiweka sahihi yake chini ya sahihi zao.